Baharini Hakuna Vumbi

Garissa, Jumanne 10 Julai 1951 (5 Mfungo Mosi 1370)

Daftari hili nilipewa na wenzangu siku nilipostaafu ukarani wa korti, na kwa miaka mitatu limekaa tupu kwa sababu sikuwa na safari ya kuliandikia. Sasa ninayo. Tunakwenda Hija, mimi Nunow na mke wangu Timiro, kwa meli itakayotoka Mombasa mwezi ujao.

Naandika Kiswahili, na yafaa nieleze kwa nini. Kisomali, ambacho ndicho lugha ya nyumbani kwangu, bado watu hawajakubaliana kiandikwe kwa herufi gani. Kiarabu changu ni cha sala na cha hati za ndoa. Kiswahili nilifundishwa kukiandika nikiwa kijana Kismayu, kabla mji ule haujakabidhiwa Wataliano, na ofisini nimekitumia zaidi ya miaka ishirini. Binti yetu Amino, aliyeolewa Isiolo, anakisoma vizuri. Likitokea la kutokea, atajua lilitokea siku gani.

Timiro ana pumu. Humshika kila mwaka msimu wa hagaa, yaani miezi hii mikavu ya Julai hadi Septemba, upepo wa kusini unapovuma mchana kutwa na kuinua udongo mwekundu mpaka mbuzi wote wawe wa rangi moja. Mwaka jana tulidhani tunamzika. Alipopata nafuu aliniambia, "Nikifa kabla ya kwenda, usinitafutie mtu wa kunihijia. Nataka kusimama Arafa kwa miguu yangu, au nisisimame kabisa." Ndiyo maana tunakwenda mwaka huu, wala hatungoji mwingine.

Alhamisi 12 Julai

Nimempeleka kwa dresa, yule msaidizi wa daktari. Amemsikiliza kifua, mbele na mgongoni, akasema: "Safari anaiweza. Mwepushe na vumbi, na alale penye hewa." Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, na hapa naongeza maelezo yangu: vumbi huletwa na upepo. Ukimkinga mtu na upepo umemkinga na vumbi. Kwa hiyo jambo kubwa la safari hii ni kumkinga na upepo.

Jumatano 18 Julai

Upepo.

Jumapili 22 Julai

Upepo. Timiro amelala ameketi.

Ijumaa 27 Julai

Kesho tunaondoka kwa lori. Majirani wamekuja kuagana, na kila mmoja ameacha jina la mtu wa kuombewa. Nimeyaandika yote nyuma ya daftari; ni arubaini na moja. Tutasafiri pamoja na watu wawili wa Sangailu, mjane aitwaye Lul na kaka yake Hared, mfugaji wa ng'ombe. Wao watakaa sitahani, juu kabisa, pamoja na abiria wengi wasio na vyumba. Sisi, kwa hisani ya wanetu, tutakuwa na chumba. Lul alipofika alikuwa na mikeka minne mgongoni na kamba. Nikamwambia melini haitahitajika. Akasema, "Adeer, mikeka haijawahi kunidanganya." Adeer ni ami, ndivyo anavyoniita kwa heshima.

Jumanne 31 Julai, Mombasa

Siku nne barabarani. Bura, Galole, Garsen, kisha kuvuka mito kwa vivuko. Vumbi mpaka ndani ya chai. Timiro alijifunga shuka puani na hakusema neno tangu Bura. Leo, karibu na bahari, amekohoa mara mbili tu. Nadhani ni mapumziko.

Jumatano 1 Agosti

Nimekwenda peke yangu kwa wakala wa meli. Timiro alitaka kuja. Nikamwambia, "Mambo ya karatasi ni yangu. Pumzika."

Karani alinitandikia mchoro wa meli. Meli kwenye karatasi ni kama samaki aliyepasuliwa. Akasema, "Vimebaki vyumba viwili, mzee. Namba nne, juu, upande wa kushoto. Namba kumi na moja, chini, upande wa kulia, karibu na katikati."

"Upepo wa kusi utapiga upande gani?"

"Kushoto, mpaka mpite Ras Asir."

"Basi nipe kulia."

"Wengi hupenda namba nne, mzee."

"Wengi hawana mke mwenye pumu."

Akanitazama, akaandika.

Nimefurahi, na nitaeleza sababu. Mfugaji akipiga kambi, ndama wachanga huwekwa katikati ya boma la miiba, na nyumba huupa upepo mgongo. Chumba namba kumi na moja kiko katikati, kiko chini, na meli nzima itakikinga na upepo kwa mgongo wake. Hata ningejenga meli mwenyewe nisingekiweka pengine.

Baadaye

Nimemweleza Timiro. Aliuliza, "Mlango unatazama wapi?"

"Unatazama ujia wa ndani."

"Na dirisha?"

"Dogo, la duara. Linafungwa kwa kioo, haliingizi kitu."

Akalikunja shuka lake. Kisha, "Umeshaandika?"

"Nimeshaandika."

"Basi limeandikwa, ina adeer." Hilo ni jina analoniita tangu ujana wetu, mtoto wa ami, ingawa ami yangu na baba yake hawakuwahi kuonana. Hulitumia akiwa amefurahi sana au akiwa hajafurahi hata kidogo.

Jumatatu 6 Agosti

Tunangoja. Mvua nyepesi.

Jumamosi 11 Agosti, melini

Tumepanda saa tatu asubuhi. Niandike chumba kilivyo. Vitanda viwili vya chuma, kimoja juu ya kingine. Beseni ukutani. Kidirisha cha duara, upana wa sahani ya wali, na maji ya bahari yako karibu nacho kuliko nilivyotarajia. Ukuta mmoja una joto. Nimeugusa, ni kama ubavu wa ngamia aliyetoka kutembea. Msimamizi wa mabaharia, ambaye wao humwita serangi, ni mtu wa Siyu aitwaye Shebwana. Nikamuuliza nyuma ya ukuta huo kuna nini.

"Tanuri la mtambo, Maalim. Nyie mmepewa jirani anayepika mchana na usiku."

Nikamwambia joto la wastani hulegeza kifua. Akasema, "Inshallah."

Timiro alisimama katikati ya chumba, akainua kiganja hewani kama anayepima mvua. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akakaa kitandani.

Jumapili 12 Agosti

Mawimbi makubwa. Shebwana amekuja kufunga kidirisha kwa vishikizo, kwa kuwa vyumba vya chini huingia maji. Nilikuwa nimeshakifunga. Timiro amekunywa chai akaitapika. Ni bahari, wengi wanatapika.

Jumatatu 13 Agosti

Hajala. Kifua kinapiga filimbi ninayoijua. Ajabu, kwa maana hapa ndani hakuna upepo hata wa kuyumbisha uzi. Nimejaribu: nimefungua uzi kwenye kanzu, nikauning'iniza, umesimama wima kama mstari wa rula. Nimemwonyesha Timiro ili apate moyo. Amegeuza uso ukutani, kisha akaugeuza tena, maana ukuta ni ule wa tanuri.

Jioni, baada ya sala ya magharibi, Shebwana aliniita kando. "Maalim, nakuambia kwa wema. Tukifika Aden Ijumaa, daktari wa bandari atapanda. Hukagua kila hujaji. Mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi kwa miguu yake huteremshwa, hupelekwa hospitali ya huko, na meli huondoka. Usingoje Ijumaa."

"Nifanye nini?"

"Mtoe humo."

"Juu kuna upepo, bwana. Dresa amekataza upepo."

Akaniangalia kama nilivyokuwa nikiangalia shahidi aliyeapa kwa jambo asilolijua. Akaondoka.

Sijamwambia Timiro habari za Aden.

Jumanne 14 Agosti

Nataka kuandika siku hii kwa utaratibu, maana kesho nitatamani kuipunguza.

Nilikwenda kusali adhuhuri juu na wanaume. Nilikawia kidogo kwa sababu Hared aliuliza habari za hujaji mgonjwa, kama anaweza kubebwa Arafa, nami nikamweleza kauli za wanazuoni, moja baada ya nyingine. Maelezo yalinoga. Niliporudi, mlango wa chumba haukufunguka. Kitu kilikuwa kimeuzuia kwa ndani. Nikasukuma polepole nikaona kitambaa cha Timiro sakafuni.

Alikuwa amelala kifudifudi, mdomo ameuelekeza kwenye upenyo ulio chini ya mlango, akivuta hewa ya ujia. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Sijui alikaa hivyo muda gani wakati mimi nikieleza.

Nilimwinua. Hakuweza kusema. Aliinua kidole kimoja akaonyesha juu.

Watu hudhani kidole hicho ni shahada, nami nilidhani hivyo, nikaanza kumsomea. Akanipiga kofi mkononi. Si kwa nguvu, hakuwa nazo, lakini lilikuwa kofi. Akaonyesha juu tena, kwenye dari, kwenye sitaha.

Nilipiga kelele. Alikuja Shebwana, na nyuma yake Lul, aliyekuwa akileta uji. Shebwana alimbeba kama mtu abebaye gunia la pamba. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisimama mlangoni nikamwambia, "Usimpeleke juu! Kuna upepo!"

"Maalim, nipishe."

"Dresa alisema..."

"Adeer," akasema Lul, na hakupaza sauti, "toka mlangoni."

Nikatoka. Nikawafuata ngazini nikiwa na shuka nzito, na walipomkalisha juu, upande wa kushoto, ule ambao mabaharia huuita joshini, yaani upande unaopokea upepo, nilimfunika uso mpaka machoni ili upepo usimpige. Upepo ulikuwa mkali, nguo zote za sitahani zilikuwa zikipigapiga. Timiro akaivua shuka. Nikamfunika tena. Akaivua tena, akaitupa, na Hared akaidaka kabla haijaenda na maji. Akafungua mdomo akaukabili upepo kama mtu anayekunywa kutoka kwenye ndoo.

Tulimzunguka. Shebwana alisema watu wasogee, nao hawakusogea. Filimbi kifuani ilishuka, ikapotea, ikarudi, ikashuka tena. Jua lilikuwa limesogea mkono mzima kabla hajasema. Neno lake la kwanza lilikuwa kwangu mimi.

"Ina adeer, hapa kuna vumbi?"

Nilitazama. Maji pande zote mpaka mwisho wa macho. Sikuwa na jambo la kueleza.

"Hakuna."

"Basi niache."

Jumatano 15 Agosti

Amelala sitahani, ubavuni mwa Lul. Mimi nimelala chumbani, kwa kuwa kimeandikwa jina langu na niliona ni haki nikionje. Nilivumilia mpaka alfajiri. Sitaki kusema zaidi, ila kwamba nilipotoka nililazimika kuketi ngazini kwanza.

Asubuhi nimefungua daftari hili nikasoma ya tarehe 12 Julai. Dresa alisema vumbi. Dresa alisema penye hewa. Neno upepo halimo katika maneno yake. Limo katika maelezo yangu. Nimeishi miaka sitini na moja mahali ambapo upepo na vumbi ni kitu kimoja, kama mtu na kivuli, na sikujua kwamba vinaweza kuachana. Lakini Timiro naye ameishi papo hapo, tena yeye ndiye mgonjwa, na alijua alipoinua kiganja hewani. Tofauti ni kwamba yeye alipima, na mimi nilieleza.

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma zaidi. Kwetu, mwanamume huchagua malisho na kisima. Nyumba, ile akal yetu ya fito zilizopindwa na mikeka, ni mali ya mwanamke. Hupewa na mama yake, huifunga mwenyewe juu ya ngamia, huishusha mwenyewe, na yeye ndiye huamua isimame wapi na mlango utazame wapi. Mume anayetia mdomo hapo huchekwa. Tangu nihamie mjini na kupata nyumba ya mawe ya ofisi, nimesahau. Nilimwambia mambo ya karatasi ni yangu, na chumba kilikuwa karatasini. Lakini kilikuwa nyumba.

Alasiri

Anajenga. Sikuamini nilipoambiwa. Lul ametoa mikeka yake minne, Shebwana ametoa kipande cha turubali, na wawili hao wamefunga kamba kutoka kwenye reli mpaka kwenye mtambo wa kupakulia mizigo. Timiro haendi mbio. Hufunga fundo moja, hukaa, hupumua, hufunga jingine. Akishindwa, huonyesha kwa kidole na Lul hufanya. Shebwana alikuja kutazama, mikono kiunoni.

"Mama, meli hii nimeisafiri miaka kumi na minne. Sijaona mtu akijenga nyumba juu yake."

Timiro Kiswahili chake ni cha sokoni, na p yake hutoka b kama ya wengi wa kwetu. Akamjibu, "Wewe nafanya kazi nyumba ya jiko. Mimi nataka nyumba ya ubebo."

Shebwana alicheka mpaka akashika reli. Tangu hapo mabaharia wote humwita Mama wa Ubebo, naye hapingi.

Alhamisi 16 Agosti

Tumepita Ras Asir jana jioni, meli imegeuka kuelekea magharibi. Upepo sasa unatoka bara, ni wa moto, lakini ni upepo. Amekula wali, viganja viwili.

Nimemwambia habari za Aden, kwa kuwa sina haki ya kuzificha tena. Alisikiliza, akauliza, "Ngazi ni vipago vingapi?"

Nikaenda kuhesabu. Kumi na tisa.

"Kesho asubuhi, kabla daktari hajaja, nitajizoeza vipago sita," akasema. "Leo nitapanda vinne."

Alipanda vitano. Kisha aliketi, na filimbi ilirudi, na niliona hofu usoni mwake kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. "Wakiniteremsha," akasema, "wewe endelea."

"Siendelei."

"Utaendelea na majina arubaini na moja ya watu. Hayo si yangu wala yako."

Sikumjibu. Katika ndoa ya miaka arubaini mtu hujifunza kwamba kunyamaza kunaweza kuwa ndiyo. Huku kwangu kulikuwa hapana.

Ijumaa 17 Agosti, Aden

Daktari alipanda saa nne, na msaidizi na daftari. Aliwapanga mahujaji wa sitahani chini ya ngazi, akasimama juu yake, kila mmoja akapanda mbele ya macho yake. Mzee mmoja wa kutoka Lamu alishikwa na kizunguzungu kipago cha tatu. Aliwekwa kando, akalia kama mtoto, na wanawe wakateremka naye.

Hared alitaka kumshika Timiro mkono. Msaidizi alikataza, kila mtu peke yake. Mimi nilikuwa nimeshapanda, nikasimama juu nyuma ya daktari. Nilimwona akianza. Alipanda kama anavyofunga mafundo. Kipago, pumzi. Kipago, pumzi. Watu wa nyuma walianza kunung'unika. Sauti moja ikasema, "Mama, meli itazeeka!" na nikasikia Lul akiijibu sauti hiyo kwa Kisomali maneno ambayo sitayaandika katika daftari linalokwenda Makka.

Kipago cha kumi na mbili alisimama. Daktari alitazama saa yake. Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maneno yote tayari, ya dresa, ya tanuri, ya vumbi, ya hagaa, na Kiingereza cha kuyasemea. Nikafungua mdomo, na Timiro akainua macho akaniona. Akatikisa kichwa. Nikaufunga.

Alisimama hapo mpaka upepo ukaja. Naandika nilivyoona: ulikuja mpigo mmoja kutoka bara, ukapeperusha mtandio wake, naye akaungoja uingie wote. Kisha akapanda vipago saba bila kusimama. Daktari aliweka kifaa kifuani mwake, akasikiliza, akakunja uso.

"Analala wapi?" akaniuliza.

Shebwana, aliyekuwa karibu, akaonyesha mikeka. Daktari alikwenda, akainama, akaingia ndani ya nyumba ya Timiro, akakaa humo zaidi ya nilivyotarajia mtu mkubwa akae. Alipotoka alimwambia msaidizi wake kwa Kiingereza, "Abaki hapo hapo alipo. Asipelekwe chini kwa sababu yoyote." Msaidizi akaweka alama.

Nimesali rakaa mbili. Timiro amelala usingizi mchana wote.

Jumapili 19 Agosti, Bahari ya Sham

Tumepita Babu-l-Mandab na meli imeelekea kaskazini. Upepo umegeuka, sasa unatoka mbele, usoni mwa meli. Nyumba ya Timiro sasa imekaa vibaya, turubali linazuia kile lilichowekwa kukiingiza. Akaitazama, akasema inahama.

Lul alikuwa na homa. Hared akajitia kutafuta tasbihi yake. Nikauliza, "Niikunje vipi?"

Timiro alinitazama kama mtu anayesikia mbuzi akisoma. "Wewe?"

"Mimi."

"Anza na mkeka wa nyuma. Usivute. Kunja."

Nilibeba mikeka minne na turubali kutoka katikati ya meli mpaka karibu na omo, yaani mbele kabisa, kati ya watu mia tatu. Mwanamume kubeba nyumba kwetu ni kama mwanamume kujipaka hina. Hared hakuweza kujizuia.

"Maalim Nunow! Kesho utasuka mikeka?"

"Nikifundishwa."

"Na keshokutwa utajifungua?"

"Hared," akasema Timiro, akitembea nyuma yangu polepole, "mara ya mwisho nyumba yako ilipoanguka mvuani, nani aliishikilia? Wewe ulikuwa umejificha chini ya ng'ombe." Sitaha nzima ilicheka, kwa maana wengi walimjua Hared na wengine walimjua ng'ombe. Hared alikuja akashika upande mmoja wa turubali.

Mafundo yangu aliyafungua yote akayafunga upya.

Jumatatu 20 Agosti

Chumba namba kumi na moja sasa kinakausha nguo za familia tano. Hukausha vizuri kuliko jua.

Jumanne 21 Agosti

Saa sita mchana meli ilipiga honi. Tumelingana na Yalamlam, mahali ambapo watu wa upande wetu huingia katika ihramu. Wanaume tumevaa shuka mbili nyeupe. Timiro amenitazama akasema nimekonda.

Alhamisi 23 Agosti, Jidda

Tumeshuka. Shebwana alimbebea mikeka mpaka forodhani, ingawa si kazi ya serangi.

Jumapili 2 Septemba, Makka

Joto. Amelazwa siku tatu ghorofa ya chini, iliyojaa watu. Nilimuuliza tuhamie wapi. Alichagua darini, juu ya nyumba, ingawa kuna ngazi za kupanda. Filimbi imepungua tangu jana. Sina mengine ya kuandika, ninamtazama.

Jumatatu 10 Septemba

Kesho Arafa. Jioni hii amekohoa sana.

Jumanne 11 Septemba (9 Mfungo Tatu), Arafa

Hema letu lilisimamishwa na watu wa mutawifu wetu, yaani mwongozaji wa mahujaji, kabla hatujafika, limefungwa pande zote kwa ajili ya heshima ya wanawake. Watu ishirini ndani. Niliposikia kifua cha Timiro kikianza, sikungoja. Nikamuuliza, "Tufungue upande gani?"

Akainua kiganja. Tukangoja. Akaonyesha upande wa nyuma, ambao haukuwa na njia wala kivuli, na mtu wa mutawifu akasema hapana, upande huo haufunguliwi, haujawahi kufunguliwa. Nikamwambia kwamba mke wangu amesema. Akasema na yeye ana kazi yake. Nikamwambia tena kwamba mke wangu amesema, na sikuongeza neno, wala sikutaja kauli ya mwanazuoni yeyote. Lul akafungua vigingi wakati sisi tukibishana.

Upepo ulikuwa mdogo, lakini ulipita.

Baada ya adhuhuri Timiro alitoka akasimama. Nilisimama kando yake, kivuli changu kikimwangukia. Nilisoma majina arubaini na moja, polepole, naye akaitikia amina kila jina. Miguu ilipomchosha aliketi juu ya mkeka, akasimama tena. Mara mbili nilidhani anaanguka. Hakuanguka. Alikuwa amesimama jua lilipogusa ukingo wa mlima, amesimama lilipozama, na watu wote walipoanza kuondoka kwa kishindo kuelekea Muzdalifa yeye bado alikuwa amesimama, mikono imeinuliwa, akimaliza jambo lake.

Tulipokaa kungoja lori letu nikamuuliza ameomba nini.

"Niambie wewe kwanza."

"Nimekuombea pumzi."

Akafikiri. "Mimi nimekuombea masikio," akasema. "Naona Mungu ameanza na wewe, maana dua yangu aliijibu tangu kule Aden, ulipoufunga mdomo."

Nilikuwa na maelezo juu ya hilo, namna dua inavyojibiwa kabla haijaombwa, na mambo mazuri yameandikwa. Nimeyaacha. Nimekaa karibu naye nikisikiliza kifua chake katika kelele za watu wote wale. Kilikuwa kikipanda na kushuka.